Shamba la mbuni lisiishie kwenye picha

Mgeni anayeingia katika shamba la mbuni hulipa kiingilio, hutembezwa, hupiga picha, hula, kisha huondoka. Mara nyingi kitu pekee anachoondoka nacho ni picha zilizo kwenye simu yake. Ganda la yai alilolishika kwa mikono miwili analirudisha mahali pake, kwa kuhofia maswali atakayoulizwa mpakani au uwanja wa ndege. Kwa mwenye shamba huenda hilo si tatizo kubwa, maana kiingilio kimeshalipwa. Kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani, hapo ndipo hasara inapoanzia. Utalii usio na bidhaa ya kubeba huacha fedha zake getini.

Jambo hili linazigusa Kenya na Tanzania moja kwa moja. Katika Kaunti ya Kajiado, upande wa Kitengela, kuna shamba la mbuni ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea wanafunzi, familia kutoka Nairobi na watalii wa kigeni. Haliko mbali na barabara kuu inayotoka Athi River kwenda Namanga. Hiyo ndiyo barabara inayopitisha nafaka na vitunguu kutoka Tanzania, na bidhaa za viwandani kutoka Kenya. Ndiyo pia inayopitisha magari ya watalii kati ya Nairobi na Arusha. Kutoka Nairobi hadi Namanga ni takriban kilomita 165, na kutoka Namanga hadi Arusha ni takriban kilomita 110. Mteja na mchuuzi wanapita njia moja kila siku.

Hoja yenyewe haina ugumu. Ziara ya shamba la mbuni itakuwa na faida kwa uchumi wa mpakani siku ile ganda, unyoya na ngozi kutoka shamba lenye kibali vitakapoweza kuvuka Namanga kwa karatasi inayoeleweka, mkononi mwa mchuuzi wa kawaida. Hadi siku hiyo ifike, shamba la mbuni litabaki mahali pa kupumzikia wikendi, na wanawake wanaouza shanga kwenye madirisha ya magari pale mpakani wataendelea kuusikia utalii ukipita.

Anachokiona mgeni

Ni vizuri kueleza kwanza kwa nini watu hulipa fedha kumtazama ndege huyu. Mbuni ndiye ndege mkubwa kuliko wote walio hai. Dume hufikia urefu wa mita 2.5 na zaidi, na uzito wa kati ya kilo 100 na 150. Hawezi kuruka, lakini hukimbia hadi kilomita 70 kwa saa. Ana vidole viwili tu katika kila mguu, na teke lake analolipiga kwa mbele linaweza kumuua mtu. Mtembezaji mzuri huanza na hayo, kwa sababu mgeni anapaswa kujua kwa nini asivuke uzio.

Baada ya hapo huja hadithi ya kichwa kufukiwa mchangani, ambayo si kweli. Mbuni huinamisha shingo hadi chini anapogeuza mayai yaliyo kwenye kiota, au hujilaza na kunyoosha shingo juu ya ardhi anapojificha. Mtu aliye mbali huona mwili bila kichwa, akadhani kimefukiwa. Wageni hupenda sana sehemu hii ya ziara. Hupenda pia kusikia kwamba dume mwenye manyoya meusi hulalia mayai usiku, na jike mwenye rangi ya kijivu na kahawia hulalia mchana, kila mmoja akijificha kwa rangi yake.

Yai moja huwa na uzito wa kilo 1.4 hivi, sawa na mayai 24 ya kuku. Ganda lake lina unene wa takriban milimita 2, na mtu mzima anaweza kusimama juu ya mayai hayo bila kuyavunja. Vifaranga hutoka baada ya siku 42 hivi, iwe chini ya mzazi au ndani ya mashine ya kutotoleshea. Hata hivyo si kila yai hutotoa. Mengine hayana mbegu na mengine hufia njiani. Mgeni huliona hilo kuwa jambo dogo, lakini kwa mfanyabiashara ndilo jambo kubwa, maana mayai yasiyototoa ndiyo chanzo halali cha maganda. Yai hutobolewa tundu dogo, ute na kiini hutolewa, ganda husafishwa na kukaushwa. Hakuna ndege anayeuawa wala kiota cha porini kinachoibiwa.

Shamba moja lina bidhaa nyingine pia. Ngozi ya mbuni ina vidutu mahali manyoya yalipoota, na watengenezaji wa viatu, mikoba na mikanda huitafuta kwa sababu ya alama hizo. Nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, lakini ina mafuta kidogo. Manyoya yaliyokomaa hukatwa kama mtu anavyokatwa nywele, kisha hutumika kutengenezea vifutio vya vumbi na mavazi ya sherehe kama zile za kanivali nchini Brazil. Kwa hiyo mgeni anapotazama kundi la mbuni, anatazama duka lenye rafu nne au tano. Swali ni nani amepewa ufunguo wa duka hilo.

Mji uliotajirika kwa manyoya

Hakuna mahali panapojibu swali hilo vizuri kuliko Oudtshoorn, mji wa Afrika Kusini ulio katika bonde kavu la Klein Karoo, katikati ya milima ya Swartberg na Outeniqua. Mji huo umeishi na mbuni kwa zaidi ya miaka 150. Umetajirika, umefilisika, umeinuka tena, na leo watalii wanaokwenda kuona mapango ya Cango huunganisha safari hiyo na ziara ya shamba la mbuni.

Ufugaji ulianza kushika kasi miaka ya 1860, wakulima wa Koloni la Rasi walipogundua kwamba mbuni anaweza kufugwa, kulishwa majani ya alfalfa na kukatwa manyoya mara kwa mara bila kuuawa. Wanawake wa Paris, London na New York walikuwa wakipamba kofia zao kwa manyoya hayo. Kufikia mwaka 1913 manyoya ya mbuni yalikuwa bidhaa ya nne kwa thamani katika mauzo ya nje ya Afrika Kusini, baada ya dhahabu, almasi na sufu. Mauzo ya mwaka huo yalikaribia pauni milioni 3, na nchi ilikuwa na mbuni wa kufugwa zaidi ya 700,000. Wakulima walijenga majumba ya mawe ya kifahari ambayo mpaka leo huitwa majumba ya manyoya.

Wafanyabiashara wa mpakani watavutiwa zaidi na watu walioiendesha biashara hiyo. Wengi wa wanunuzi wa manyoya walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania wakiwa maskini. Baadhi yao walianza kama wachuuzi, waliojulikana huko kwa jina la smous, wakizunguka shamba hadi shamba na mizigo yao, wakiuza vitu vidogo vidogo na kununua manyoya. Walijua kuyapanga kwa daraja, walijua bei ya London, na walijua ni mkulima gani ana shida ya fedha taslimu wiki ile. Wafugaji walikuwa na ndege. Wachuuzi ndio waliowaunganisha ndege hao na soko, na kwa kazi hiyo Oudtshoorn ukapewa jina la utani la Yerusalemu ya Afrika.

Serikali nayo ilijaribu kulinda utajiri huo kwa ukuta. Miaka ya 1880 Koloni la Rasi liliweka ushuru wa pauni 100 kwa kila mbuni aliyesafirishwa nje na pauni 5 kwa kila yai, ili nchi nyingine zisifuge. Mwaka 1911 ulitumwa msafara ulioongozwa na Russel Thornton hadi upande wa kaskazini mwa Nigeria kutafuta aina ya mbuni mwenye manyoya mazito zaidi, na ukarudi na mbuni zaidi ya 100. Muda mfupi baadaye, mwaka 1914, soko likaanguka. Manyoya yalikuwa yamezidi sokoni, magari ya wazi yalizifanya kofia kubwa kuwa kero, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha mavazi na kukata njia za meli. Wakulima na wachuuzi waliokopa kwa kutegemea bei ya mwaka uliotangulia walipoteza mashamba na nyumba.

Ukuta wa ushuru haukuwasaidia kitu. Hatari yenyewe ilitoka kwenye bidhaa moja kumtegemea mteja mmoja mwenye kubadilika. Mji uliinuka ulipojifunza kuuza ndege mzima. Wafugaji waliunda ushirika mwaka 1945, na katika miongo iliyofuata vikaja machinjio na kiwanda cha ngozi. Wageni wakaanza kulipa kuona mashamba na majumba ya enzi ya manyoya. Wakati wote huo, katika mashamba hayo ya maonyesho, mwisho wa matembezi ni dukani, na mgeni huondoka na kitu mkononi.

Mwaka 2011 mji huo ulijaribiwa tena. Mafua ya ndege yaliingia Klein Karoo, maelfu ya mbuni wakauawa ili kuzuia ugonjwa, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa nyama mbichi ya mbuni kutoka Afrika Kusini. Zuio hilo lilidumu miaka kadhaa. Shamba ambalo lingekuwa na nyama pekee lingekufa. Ngozi iliyokwisha kutengenezwa kiwandani haina hofu ileile ya ugonjwa, wala nyama iliyopikwa kwa joto kali, wala kiingilio cha mgeni anayetazama akiwa nje ya uzio. Anayefikiria biashara hii Afrika Mashariki lazima aanze na somo hilo, maana bidhaa ambazo haziozi na hazibebi ugonjwa ndizo zinazomfaa mchuuzi wa mpakani kuliko zote.

Shanga zilitangulia mpaka

Kati ya bidhaa hizo, ganda ndilo lenye historia ndefu zaidi katika ukanda huu. Shanga za ganda la yai la mbuni ni miongoni mwa mapambo ya kale kabisa yaliyopata kufukuliwa Afrika. Katika pango la Enkapune Ya Muto, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, wanaakiolojia walizikuta katika tabaka la miaka takriban 40,000 iliyopita. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Desemba 2021 ulilinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Watafiti walikuta kwamba miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walitengeneza shanga zinazofanana sana, ishara kwamba walikuwa na mawasiliano yaliyovuka maelfu ya kilomita.

Kwa maneno mengine, kipande cha ganda la mbuni kilisafiri katika ukanda huu kabla ya pasipoti, kabla ya forodha na kabla ya Jumuiya. Leo wanawake wa Kimasai wanaouza mapambo Namanga hutumia shanga za kiwandani, nyingi zikiwa zimeagizwa kutoka nje ya Afrika. Ufundi wa kutunga wanao, na wateja wanaoshuka kwenye magari kugonga pasipoti wanao. Malighafi ya asili yenye hadithi ya miaka elfu kadhaa iko shambani, mwendo wa saa chache kwa gari. Kinachokosekana kati ya shamba na mkono wa fundi ni karatasi.

Kikwazo kilipo

Ni lazima kusema ukweli kuhusu karatasi hiyo. Afisa wa mpakani anayezuia ganda la mbuni haonei mtu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka uliofuata. Sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu ufugaji wa aina fulani za wanyamapori kwa leseni, lakini anayemiliki au kuuza sehemu ya mnyamapori bila kibali anatenda kosa. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, huhesabu vitu hivyo kuwa nyara za serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kesi nzito. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha pia usafirishaji nje wa wanyamapori hai. Mfanyabiashara anayedhani yai la mbuni ni sawa na trei la mayai ya kuku anaweza kujikuta mahabusu.

Shida ni kwamba ganda la shambani na ganda la porini yanafanana. Afisa hana njia ya kuyatofautisha kwa macho, na asipokuwa na njia hiyo, jibu salama kwake ni hapana. Hivyo mwaminifu na mwizi wanapewa jibu moja. Mwaminifu huacha biashara. Mwizi hupita njia za panya. Matokeo yake ni kwamba sheria iliyowekwa kumlinda mbuni wa porini inamkatisha tamaa yule anayemfuga, na haimsumbui sana yule anayemwibia mayai.

Mpango wa biashara rahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulibuniwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo ya kwanza. Mfanyabiashara mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani bila kulazimika kumlipa wakala. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli Desemba 2018, na maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Lakini cheti cha uasili hakifuti kibali cha wanyamapori wala cheti cha afya ya mifugo. Vibali hivyo viwili vimepangwa kwa kumfikiria msafirishaji mkubwa mwenye ofisi mjini. Mama mwenye kikapu cha maganda 20 hajafikiriwa.

Mambo matatu yanayowezekana

La kwanza ni alama ya shamba. Kila shamba lenye leseni lipewe namba, na kila ganda linalotoka lichongwe namba hiyo pamoja na namba yake lenyewe. Ganda ni gumu na huchongeka vizuri. Mafundi wa Afrika Kusini huchora juu yake picha nzima za wanyama. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari ambalo mamlaka za wanyamapori za nchi zote mbili zinaweza kulisoma. Shamba lililototolesha vifaranga 60 kutokana na mayai 100 haliwezi kuuza maganda mazima 300 bila kuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii kinachoweza kupotea ni mbuni wa porini pamoja na jina jema la mfugaji.

La pili ni risiti inayosafiri na bidhaa. Mchuuzi anaponunua shambani apewe risiti moja yenye namba ya leseni, namba za maganda na uzito wa manyoya. Risiti hiyo itambuliwe Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, kama kibali tosha kwa kiasi kidogo. Kiwango kiwe kilekile cha dola 2,000 ambacho wafanyabiashara wameshakizoea. Anayebeba zaidi ya hapo afuate utaratibu mkubwa. Hili halihitaji jengo jipya wala mkopo kutoka nje. Linahitaji wizara mbili kukaa meza moja na kukubaliana karatasi moja.

La tatu ni mashamba yenyewe kubadilisha ziara. Mahali pa kumpandisha mgeni mgongoni mwa ndege pawekwe karakana. Nchini Afrika Kusini mashamba kadhaa yameacha kuwapandisha watu mbuni, baada ya wageni wenyewe kuanza kuhoji mateso ya ndege huyo. Miguu ya mbuni imeumbwa kukimbia na mwili wake, haikuumbwa kubeba mtu mzima. Mgeni anayemwona fundi akikata ganda, akilitoboa, akilisugua kwenye jiwe na kulitunga kwenye uzi, hukaa muda mrefu zaidi na hununua zaidi kuliko yule aliyepanda kwa dakika mbili akaanguka. Mafundi hao wanaweza kutoka pande zote mbili za mpaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona kama hana cha kumuuzia mgeni.

Wanaopinga wana hoja

Wapo watakaosema kwamba kufungua mlango huu ni kuwakaribisha majangili. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, hasa kaskazini. Mbuni wa Kisomali, mwenye shingo na mapaja ya rangi ya bluu na kijivu, anatambuliwa leo kuwa spishi tofauti na mbuni wa kawaida, ambaye kundi lake la Kimasai lina shingo ya rangi ya waridi. Mbuni huyo wa Kisomali amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na anaishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Tangu Somalia ilipojiunga rasmi na Jumuiya mwaka 2024, mayai ya viota vyake yana njia fupi zaidi ya kufika katika masoko ya Jumuiya. Ndiyo maana alama na daftari vije kabla ya ruhusa. Ganda lisilo na namba libaki haramu, na adhabu yake ibaki palepale. Wafanyabiashara wenyewe wana kila sababu ya kuwa walinzi wa kwanza, kwa kuwa siku ganda la wizi litakapokamatwa ndani ya kikapu chenye risiti, mlango utafungwa kwa wote.

Wengine watataja mafua ya ndege. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na ganda lililosafishwa, manyoya yaliyotiwa dawa na ngozi iliyotengenezwa, kabla ya kuzungumzia nyama mbichi au vifaranga. Mlipuko ukitokea, shamba lenyewe lifungwe kwa wageni bila kusubiri, na mashamba yawe na beseni la dawa ya viatu getini kila siku, hata wakati hakuna ugonjwa. Mgeni aliyetoka kwenye banda lake la kuku asubuhi anaweza kubeba hasara ya mwaka mzima kwenye soli ya kiatu.

Kundi la tatu litasema soko ni dogo mno kushughulisha serikali mbili. Ni kweli kwamba mashamba ya mbuni ni machache, na hakuna anayepaswa kudanganywa kwamba mbuni atachukua nafasi ya mahindi au ng'ombe. Ufugaji wenyewe ni mgumu. Jike huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutaga, na vifaranga hufa kwa wingi katika miezi ya mwanzo. Historia ina onyo pia kwa wanaokimbilia kununua mbuni hai kwa ahadi za faida ya haraka. Nchini Uingereza mwaka 1996 mamlaka ziliifunga kampuni iliyokuwa ikiwauzia watu hisa katika mbuni, na maelfu ya wawekezaji wakapoteza akiba zao. Fedha zilikuwa zikizunguka kati ya mnunuzi mpya na wa zamani, bila mlaji wa kutosha mwishoni. Mchuuzi wa Namanga anayenunua ganda kumi kwa fedha yake na kuziuza wiki ileile hayumo katika hatari hiyo.

Udogo wa soko ni sababu ya kuanzia hapa. Bidhaa chache, mashamba machache na kituo kimoja cha mpakani ni mahali pazuri pa kujaribia utaratibu ambao kesho utaweza kutumika kwa ngozi za mamba wa kufugwa na bidhaa nyingine zinazokwama kwa sababu hiyohiyo. Ikishindikana, hasara ni ndogo. Ikifaulu, mpango wa biashara rahisishwa utakuwa umepata tawi jipya.

Kwa mfanyabiashara, kuanzia sasa

Utaratibu huo haujawepo, kwa hiyo mfanyabiashara asibebe ganda wala unyoya kuvuka mpaka kwa kutegemea maneno ya muuzaji. Anayekwenda kutembelea shamba aende kama mnunuzi anayekagua duka la jumla. Aombe kuonyeshwa leseni. Aulize mayai mangapi hayatotoi kwa msimu na maganda hupelekwa wapi. Aulize ngozi hutengenezwa kiwanda gani, na kama shamba linaweza kuandika risiti yenye namba. Mwenye shamba halali hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa ameshatoa jibu. Aliye upande wa Kenya anaweza kuanza kwa kuuza ndani ya Kenya, kwa kibali cha Kenya, akajifunza bidhaa na bei kabla mlango wa mpaka haujafunguka.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo vina kazi. Orodha ya bidhaa za biashara rahisishwa haibadilishwi kwa manung'uniko ya foleni. Hubadilishwa na barua yenye majina ya bidhaa, viwango na pendekezo la udhibiti, iliyopelekwa na watu wa pande mbili za mpaka kwa sauti moja. Wachuuzi wa Oudtshoorn waliijua bei ya London kuliko mfugaji aliyewauzia. Wachuuzi wa Namanga wanamjua mtalii kuliko waziri yeyote. Wanajua anachoshika, anachouliza bei, na anachokirudisha kwa woga. Ujuzi huo ukiandikwa na kufikishwa Arusha, makao makuu ya Jumuiya yaliyo mwendo mfupi kutoka mpakani, ganda la mbuni litakuwa na nafasi ya kuvuka tena kihalali kama lilivyovuka zamani.